Bariere Ngapi Zimeondoka?

Ninyi mlioko Baraka mjini, ninyi wa Fizi-Centre, wa Mboko na Nundu, ninyi wa Lulenge na Ngandja, na kwa namna ya pekee ninyi ndugu zetu wa Lubondja mliokaa nje ya nyumba ili redio ishike vizuri, karibuni. Na ninyi mlioko ng'ambo ya ziwa, Kigoma na kule kambini Nyarugusu, salamu zetu ziwafikie. Najua betri ni ghali na jioni ina kazi zake. Nipeni muda huu mfupi tuongee.

Leo nataka tuongee juu ya mazungumzo yenyewe. Tuwaangalie wageni wanaokuja kutupatanisha: jana Zambia na Afrika Kusini, kisha Kenya na Angola, sasa Qatar na Marekani. Na tujiulize kwa nini mapatano wanayoyasimamia hukwama kabla hayajatufikia. Nina swali moja. Nitalirudia mara kadhaa, kwa hiyo mlishike mapema. Swali ni hili: bariere ngapi zimeondoka?

Mtaniuliza, bariere zimeingiaje hapa? Tuseme kuna mama anatoka Lubondja na gunia la karanga, anataka kulifikisha soko la Baraka. Anaamka bado giza. Bariere ya kwanza ni kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na vijana wenye bunduki wamekaa chini ya kibanda cha nyasi. Anatoa franga. Anasogea mbele, anakuta nyingine, hawa wana sare. Anatoa tena. Kwenye ya tatu anaulizwa jetoni ya mwezi huu, ile risiti ya malipo, iko wapi. Hana jetoni, basi anafungua gunia, anawamiminia karanga kwenye sahani. Akifika Baraka gunia limekuwa jepesi, na mnunuzi wa sokoni hamuulizi amepoteza nini njiani. Jioni anarudi na chumvi, sabuni na ndagala kidogo. Njia ni ile ile, kamba ni zile zile.

Mama huyu ndiye kipimo changu. Wakubwa wanapotangaza kwamba mazungumzo yamepiga hatua, nasikiliza kwa heshima, maana kusimamisha vita ni kazi ngumu na mimi sijawahi kuifanya. Kisha nauliza juu ya njia ya mama huyu. Bariere ngapi zimeondoka?

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaonisikiliza walikuwa hawajazaliwa. Vita tunayoiita ya pili ilianza Agosti 1998. Sisi wa Fizi tunakumbuka jinsi mwaka ule ulivyofungwa na mwingine ulivyofunguliwa kwa mauaji kule Makobola. Sitasimulia. Waliozika wanajua. Miezi sita baadaye, tarehe 10 Julai 1999, mkataba ulisainiwa Lusaka, chini ya Rais Frederick Chiluba wa Zambia. Walisaini Kongo, Rwanda, Uganda, Angola, Namibia na Zimbabwe. Mmeona? Nchi sita zilisaini juu ya ardhi yetu, na Wakongo wenyewe waliokuwa wakipigana na serikali yao hawakusaini siku ile. MLC ya Jean-Pierre Bemba ilisaini mwanzo wa Agosti. Upande wa RCD walibishana wao kwa wao: nani hasa mwenye haki ya kuweka sahihi? Mwishowe, tarehe 31 Agosti, wakasaini waanzilishi wake 50 kwa pamoja. Watu 50, kwa ajili ya kundi moja!

Shikeni jambo hilo, kwa sababu litarudi. Mazungumzo yetu mara nyingi hukwama kabla hata ya kufika kwenye jambo lenyewe. Hukwama kwenye kiti. Nani aketi? Aitwe nani? Aketi upande gani?

Lusaka iliagiza Wakongo wazungumze wao kwa wao, na msimamizi akapatikana: mzee Ketumile Masire, rais mstaafu wa Botswana. Rais Laurent-Désiré Kabila hakumkubali. Juni 2000 ofisi ya mzee huyo Kinshasa ikafungwa. Kabila mwenyewe, aliyeishi miaka mingi kama mwasi katika maquis ya milima yetu hii ya Fizi, aliuawa Januari 2001, na mwanawe Joseph akafungua mlango tena. Oktoba 2001 wakaenda Addis Ababa. Pesa haikutosha, wajumbe waliofika wakawa wachache kuliko waliotarajiwa, na baada ya siku chache wakatawanyika. Februari 2002 wakakusanyika Sun City, Afrika Kusini, mji wa mahoteli na viwanja vya gofu. Wakakaa huko zaidi ya wiki saba. Aprili serikali ikaelewana na MLC, RCD ikabaki nje. Ikabidi kuanza tena, safari hii Rais Thabo Mbeki akisukuma na Moustapha Niasse wa Senegal akizunguka kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, mpaka tarehe 17 Desemba 2002, Pretoria, pande zote zikasaini.

Hesabuni wenyewe: tangu Julai 1999 hadi Desemba 2002. Miaka mitatu na nusu ya kutafuta meza. Na huku kwetu? RCD ilishika miji ya kando ya ziwa, wapiganaji wa Mai-Mai wakashika vilima, na raia akalala porini, mvua yake na mbu wake.

Je, ilikuwa kazi bure? Hapana, ndugu zangu. Nitasema kweli hata pale inapopingana na huzuni yetu. Baada ya serikali ya mpito ya 2003, ile ya rais mmoja na makamu wanne, kitu kilisogea. Wazee wa Baraka wanaikumbuka meli Mwongozo. Mwishoni mwa 2005 ilianza kuvuka kutoka Kigoma ikileta wakimbizi nyumbani, na makumi ya maelfu walirudi Fizi miaka ile. Watu walishuka ufukweni na mabati, sufuria, na watoto waliokuwa hawajawahi kuiona Kongo. Meli ile isingeng'oa nanga bila sahihi za Pretoria. Kwa hiyo msije mkasema kwamba huyu wa redio anadharau wapatanishi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na safari ile wenyeji wengine walipona.

Lakini wengi hawakurudi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 na ipo hadi leo. Mtoto aliyezaliwa mle mwaka 1997 sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, nao wamezaliwa mle mle. Kwa nini? Kwa sababu karatasi ya Pretoria iligawa viti na vyeo. Ilisema nani awe makamu, nani awe waziri, nani awe jenerali. Hata mmoja wa makamu wale wanne, Azarias Ruberwa, alikuwa mtoto wa milima yetu. Mai-Mai nao walipewa sehemu yao, ingawa palikuwa na ubishi mkubwa juu ya nani hasa anawawakilisha, na kijana aliyekuwa porini Ngandja alisikia redioni jina la mtu anayesema kwa niaba yake. Karatasi ilizungumzia jeshi la pamoja. Njia ya ng'ombe haikuzungumziwa. Shamba la muhogo halikuzungumziwa. Wala kamba kati ya miti miwili.

Na hapo, wasikilizaji, ndipo tulipojifunza neno lililotufunga hadi leo. Neno lenyewe ni fupi: wewe kwanza.

Wapiganaji walipoambiwa waende kuchanganywa katika jeshi la taifa na kupelekwa mikoa mingine, baadhi ya wa Fizi walikataa. William Amuri Yakutumba ni mmoja wao, tangu mwaka 2007. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka hata na mtoto: hatuwezi kuweka silaha wakati wa mlimani bado wanazo. Ungepanda mlimani kwa Banyamulenge, Minembwe na Rugezi, ungesikia maneno hayo hayo kutoka kinywa kingine: hatuwezi kuweka silaha wakati wa bondeni bado wanazo. Wewe kwanza. Hapana, wewe kwanza. Mmekwisha kuwaona majirani wawili waliogombana, kila mmoja ameshika panga, kila mmoja anasema, weka chini lako nami nitaweka langu? Wanaweza kusimama hivyo mpaka jua litue. Na hakuna mwongo kati yao. Kila mmoja anaogopa kweli.

Januari 2008 Goma ilifanya mkutano mkubwa wa amani chini ya padri Apollinaire Malumalu, na wageni wa Ulaya, wa Marekani, wa Umoja wa Afrika na wa Umoja wa Mataifa walikuwepo kama mashahidi. Makundi mengi yalisaini tarehe 23 Januari. Lakini somo walilolipata vijana wengi kutoka mikutano ya namna ile lilikuwa somo baya. Waliona kwamba mwenye bunduki anaalikwa, analala hotelini, anapewa nafasi ya kusema. Mwalimu wa Lubondja asiyelipwa hakualikwa. Muuguzi hakualikwa. Mama wa karanga hakualikwa. Kijana akatazama, akapima, akaona tiketi ya kuingia mkutanoni inauzwa wapi. Nalisema hili kwa uchungu. Kila mkutano unaomtambua mtu kwa sababu ya bunduki yake unapanda mbegu ya kundi jingine.

Tusonge mbele. M23, lile kundi la waasi, tunaifahamu. Ilizuka 2012, ikazungumza na serikali Kampala mwaka mzima, ikashindwa vitani, na mambo yakafungwa kwa matamko ya Nairobi ya Desemba 2013. Utekelezaji ukasuasua, kila upande ukimlaumu mwenzake. Mwishoni mwa 2021 bunduki zikarudi. Basi njia mbili zikafunguliwa kwa wakati mmoja. Nairobi, chini ya Uhuru Kenyatta, iliyaita makundi ya Wakongo. M23 wakaondolewa mezani mapema, Aprili 2022, kwa sababu mapigano yalikuwa yameanza tena. Luanda, chini ya Rais João Lourenço wa Angola, iliyaita mataifa, yaani Kongo na Rwanda.

Je, Luanda ilikwama wapi? Pale pale tulipokwama sisi wa mlimani na bondeni. Kongo ilisema: Rwanda iondoe askari wake. Rwanda ilisema: Kongo kwanza ivunje FDLR, waasi wanaoipinga Rwanda. Mataifa mawili, mawaziri, wataalamu, ramani, na neno ni lile lile: wewe kwanza. Waliafikiana kusimamisha mapigano kuanzia tarehe 4 Agosti 2024. Wakaandaa mkutano wa marais tarehe 15 Desemba 2024. Siku yenyewe ikafika, na mkutano haukufanyika, kwa sababu Rwanda ilitaka Kinshasa ikubali kuzungumza ana kwa ana na M23, na Kinshasa haikukubali. Kiti tena! Mwezi na nusu baadaye Goma ilianguka. Katikati ya Februari 2025 Bukavu nayo. Tuliwaona waliokimbia wakishuka kuja Uvira na kuja kwetu, wengine wakivuka kwenda Burundi.

Baada ya hapo wapatanishi wakawa wengi kuliko waganga kwa mgonjwa mmoja. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa Afrika Mashariki na wa Kusini walikutana Dar es Salaam, wakaamua njia ya Nairobi na ya Luanda ziunganishwe. Wakateua wazee wastaafu kuziongoza, mwisho wakafika watano, akina Kenyatta, Obasanjo wa Nigeria na wenzao. Tarehe 18 Machi serikali na M23 walitakiwa kukutana Luanda. M23 hawakwenda, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikuwa umetoka kuwawekea vikwazo baadhi ya viongozi wao. Na siku ile ile, tarehe 18 Machi, Rais Tshisekedi na Rais Kagame walikuwa Doha na amiri wa Qatar. Siku moja, meza mbili, na moja tupu. Siku sita baadaye Angola ikatangaza kuiacha kazi. Umoja wa Afrika ukamkabidhi Faure Gnassingbé wa Togo. Marekani nayo ikafungua mlango wake.

Mimi nina maoni yangu hapa, na msikilizaji ana haki ya kuyakataa. Wapatanishi wengi ni hatari. Mtoto akinyimwa na baba anakwenda kwa mama, akinyimwa na mama anakwenda kwa shangazi. Wenye vita wamejifunza hivyo. Luanda ikibana, wanakwenda Doha. Doha ikibana, wanakwenda Washington. Hakuna meza hata moja iliyokaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha mpaka maneno magumu yakatoka.

Halafu kuna kapu la mgeni. Mpatanishi naye ana nyumba yake, ana biashara yake, na si dhambi. Angola ni jirani, inapakana nasi, na reli ya kwenda bandari ya Lobito inahitaji shaba ya Kongo. Qatar, kupitia shirika lake la ndege, ilikubali kushika sehemu kubwa ya uwanja mpya wa ndege wa Bugesera kule Rwanda, na inatafuta mahali pa kuwekeza Kongo pia. Marekani ilipowasimamia mawaziri Thérèse Kayikwamba Wagner na Olivier Nduhungirehe kusaini Washington, tarehe 27 Juni 2025, mpango wa uchumi na madini ulikuwa ndani ya makubaliano yale yale. Mgeni aliye na haja yake anaweza kufanya kazi nzuri, maana anataka njia itulie. Lakini lazima tujue ni njia ipi anayotaka itulie. Je, ni njia ya madini, au ni njia ya mama wa karanga? Mara nyingine ni njia moja. Mara nyingine siyo.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wawili, wa Kongo na wa Rwanda, walikuwa Washington mbele ya Rais Trump. Walisaini. Picha zilifika hadi kwenye simu za vijana wetu hapa Baraka. Wengine walishangilia, na mimi sikuwakataza. Tarehe 10 Desemba Uvira ikaanguka. Siku sita, ndugu zangu! Wino haujakauka. Watu wakakimbilia Burundi, wengine wakashika njia ya ziwa kuja huku, Makobola, Swima, Mboko, watoto mgongoni, godoro kichwani. Siku chache baadaye M23 wakatangaza kwamba wataondoka Uvira kwa ombi la Wamarekani, na Januari wakatoka mjini.

Tunajifunza nini katika siku zile sita? Wengine wanasema: wazungu wametudanganya. Sikubaliani. Makubaliano yale yalisainiwa na Kongo na Rwanda. M23 hawakusaini Washington. Wao walikuwa Doha. Na Doha, tarehe 15 Novemba 2025, walisaini na serikali mfumo wenye itifaki nane. Mbili zilikuwa zimekwisha kukubaliwa, ya kubadilishana wafungwa na ya kuhakikisha usimamishaji wa mapigano. Sita zilibaki za kujadiliwa. Yaani ilikuwa nyumba ambayo nguzo mbili zimesimama na sita bado ziko msituni. Sasa angalieni kwetu: Twirwaneho wa Minembwe walijiunga na muungano wa M23 Februari 2025, muda mfupi baada ya kamanda wao Makanika kuuawa. Kwa hiyo wao wana mlango wa kupitia. Wazalendo wa Fizi, wale wapiganaji walio upande wa serikali, hawana kiti chao Doha. Basi hata itifaki zote nane zikikamilika, nani atamwambia kijana wa pale kwenye kamba, njia ya Lubondja, kwamba vita imekwisha? Atamwamini nani?

Narudia swali langu. Bariere ngapi zimeondoka?

Labda mtasema, wewe unalia tu, unataka nini? Ngoja niwaambie ninachokijua kutoka hapa hapa. Kabla ya wageni wote hawa, Lubondja na Ngandja walikuwa na mazungumzo yao. Kiangazi kikifika, majani ya milimani yakikauka, ng'ombe wa Banyamulenge hushuka kutafuta malisho huku chini. Wazee wanakumbuka itulo, ile haki aliyopewa chifu wa Kibembe na mwenye ng'ombe aliyelisha katika ardhi yake. Itulo haikuwa bei ya majani tu. Ilikuwa maneno: nakutambua kama mwenye ardhi, nawe unanitambua kama mgeni mwenye haki ya kupita. Vita ilipokuja, wenye bunduki wakachukua nafasi ya chifu, itulo ikageuka kuwa kodi ya kundi, na yale maneno yakapotea. Siku hizi ng'ombe akiingia shambani anapigwa risasi. Ng'ombe akipigwa risasi, nyumba inachomwa. Nyumba ikichomwa, kijiji kinahama. Halafu Doha na Washington wanapata habari kwamba kuna mapigano katika nyanda za juu, na wanatafuta kwenye ramani.

Babembe tuna lubunga, mahali pa kijiji ambapo wazee waliketi, wakala, wakasikiliza kesi mpaka ikaisha. Sitaipamba kupita kiasi. Lubunga ilikuwa ya wanaume, na kesi ya njia hii haiwezi kusikilizwa bila mama anayeipita kila wiki. Lakini ilikuwa na kitu ambacho Sun City haikuwa nacho: waliokubaliana waliamka kesho yake wakakutana mtoni. Ukivunja neno, unamwona uliyemvunjia.

Zimefanyika jitihada za namna hiyo katika miaka yetu. Kamati za jamii zimekaa Fizi na Uvira, Babembe, Bafuliru, Banyindu, Banyamulenge, wakapanga njia za ng'ombe zipite wapi, na shamba likiliwa mwenye ng'ombe alipe namna gani. Kuna misimu ng'ombe walishuka na kupanda bila mtu kufa. Hakuna kamera iliyokuja kupiga picha. Septemba 2020, huko Murhesa karibu na Bukavu, watu wa jamii na wa makundi ya nyanda za juu walikaa chini, wakasaini kusimamisha mapigano. Kabla wiki mbili hazijaisha, ugomvi juu ya Minembwe kufanywa komini ukalipuka, wanasiasa wa Kinshasa na wa Bukavu wakapeperusha maneno makali, na kila mtu akarudi kwa bunduki yake. Basi na meza ndogo nayo haiwezi kusimama peke yake. Moto wa juu unaiunguza.

Kwa hiyo ninachosema si kwamba wageni waende. Nasema meza kubwa na meza ndogo zishikane mkono. Majirani zetu wa Burundi wametuonyesha kidogo. Mwalimu Nyerere aliwakalisha Arusha, mahali pamoja, na hata alipofariki Oktoba 1999 na Mandela akachukua kazi, meza haikuhama. Na kamati ya kwanza kabisa pale ilijadili ugomvi wenyewe: umetoka wapi, nani alimfanyia nani nini. Ndani ya mapatano ya tarehe 28 Agosti 2000 waliandika juu ya ardhi ya wakimbizi wanaorudi. Sisemi Burundi imekuwa peponi. Makundi mawili makubwa hayakusaini siku ile, vita iliendelea miaka mingine, na mwaka 2015 tuliwapokea wakimbizi wao hapa kwetu, Lusenda na baadaye Mulongwe. Lakini shamba la mkimbizi lilitajwa mezani kwa jina lake. La kwetu lilitajwa lini?

Ndiyo maana ningependa itifaki moja tu kati ya zile sita ipewe Lubondja. Wale waangalizi wa kusimamisha mapigano waje na waipite njia hii kwa miguu, Jumamosi moja, pamoja na mama mwenye gunia. Waandike kila kamba: ni ya nani, anadai kiasi gani, anamtii nani. Halafu waende Doha waiweke karatasi hiyo mezani mbele ya wakubwa, waulize: hii ya kwanza, nani ataiondoa, na lini? Waanze na moja. Kamba moja ikiondolewa na upande mmoja, ya pili ikiondolewa na upande wa pili siku hiyo hiyo, lile neno la wewe kwanza linapungua nguvu, kwa sababu hakuna aliyetangulia.

Wasikilizaji, muda wetu unaisha, mwenzangu wa mitambo ananionyesha saa. Nina ombi. Ninyi mnaopita kati ya Lubondja na Baraka wiki hii, kwa miguu au kwa pikipiki, zihesabuni. Msibishane na mtu pale, msiandike kitu mbele yao, hesabuni moyoni tu. Mkifika salama, mtume ujumbe kwa simu au mpitishe neno kwa mtu anayekuja mjini. Msitaje jina lenu, nipeni idadi peke yake. Wiki ijayo, siku hii na saa hii, nitazisoma hewani idadi zenu, na mwezi ujao tutazihesabu tena. Wa Lubondja, mlale salama.